Ati hewa ya ukaa yalisha mimea, mbona basi mahindi yetu yana mapengo?

KisauniKwetu aliuliza:

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Nina swali na nataka kujibiwa na watu wanaolima au waliosoma mambo haya, matusi sitaki. Kwenye grupu letu la familia kumetumwa klipu, mzungu mmoja mtu mzima anasema hii gesi ya kaboni, yani hewa ya ukaa, tunayotishwa nayo kila siku ndio chakula cha mimea, na satelaiti zimeona dunia yazidi kuwa kijani kwa miaka arobaini sasa, kwa hivo wanaopiga kelele za mabadiliko ya tabianchi kuna kitu wanatuficha. Tukaipeleka barazani baada ya ishaa watu wanakunywa kahawa, hapo ndipo pakawaka. Wazee wawili wakashikilia ni kweli manake vichaka vya zamani si kama vya sasa, vijana nao wakasema hizo ni propaganda za matajiri wa mafuta, mpaka watu wakaondoka bila kuagana vizuri.

Mimi kinachoniuma ni shamba. Tuna shamba la marehemu baba huko Kaloleni, kuna minazi, mikanju michache, muhogo, na pale bondeni tunatia mahindi na kunde. Vichaka vya mpakani mashaallah, ukifyeka leo ukirudi mwezi ujao havipitiki. Mahindi nayo yasimama vizuri, bua refu, majani mapana, kijani kabisa, yani unampigia mama simu unamwambia mwaka huu tutakula, halafu siku ya kuvuna ukimenya maganda wakuta punje tatu hapa, pengo, punje mbili kule, pengo jengine, ncha yote tupu. Hii si mara moja.

Sasa naomba kuelezwa. Hio habari ya satelaiti ni kweli ama ya kutunga? Na kama ni kweli, mbona kinachofaidi ni kichaka na chakula hakifaidi? Na mtu mwenye shamba sehemu kama hio apande nini?


Maalim_Bayo alijibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nafundisha bayolojia sekondari hapa Mombasa na swali lako hili wanafunzi waniuliza kila muhula tangu hizo klipu zianze kuzunguka, kwa hivo ntajibu kwa urefu, mnivumilie.

Hio ya satelaiti ni kweli. Mwaka 2016 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti wa wanasayansi 32 kutoka nchi 8, walichukua picha za satelaiti kuanzia 1982 wakapima eneo la majani, wakaona kati ya robo na nusu ya ardhi yote yenye mimea imeongeza majani, na sehemu iliyopunguza haifiki asilimia 4. Walipotafuta sababu wakaona kama asilimia 70 ya huo ukijani ni kwa ajili ya hewa ya ukaa. Kwa hivo wazee wa baraza lenu wana haki yao. Na hawa vijana naomba muwaambie hivi, mtu akikutajia jambo la kweli ukalikataa kwa sababu tu humpendi aliyelisema, siku atakapojua ni kweli hatakuamini tena hata ukimwambia nyumba yawaka.

Inavofanya kazi ni hivi. Jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, tunaviita stomata, ndio mlango wa hewa kuingia na wa maji kutoka. Kabla ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, walipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa 315, leo imepita 420. Ikizidi hewani mmea wapata mahitaji yake bila kufungua hivo vitundu sana, kwa hivo maji hayapotei mengi. Ndio mana sehemu kavu ukijani umeonekana hata mvua ikiwa ni ile ile.

Lakini mimea haiko sawa na hapa ndipo klipu zote huruka. Kuna kundi la kwanza, ndio kubwa, lina mpunga, ngano, kunde, muhogo, mnazi, mwembe, mkanju, na karibu miti yote na vichaka vyote. Hawa kile kimeng'enya chao (protini ya kazi ndani ya jani) cha kushika hewa ya ukaa mara kwa mara hukosea kikashika oksijeni, nguvu ikapotea bure. Hewa ya ukaa ikizidi yale makosa yapungua, mmea wanenepa. Kundi la pili ni mahindi, mtama, mawele, miwa na nyasi nyingi za nchi za joto. Hawa ndani ya jani wana njia yao ya kuikusanya hewa ya ukaa na kuirundika pale pale kimeng'enya kilipo, kwa hivo walikuwa washashiba hata kabla ya viwanda. Huko Illinois, Marekani, walipanda mahindi shambani wazi wakayapulizia hewa ya ukaa zaidi, na pale maji yalipotosha mahindi hayakuongeza chochote. Soya walizozipanda kwa njia hio hio ziliongeza. Hindi hufaidika kidogo wakati wa ukame tu, kwa sababu ya kule kutopoteza maji.

Basi swali lako la pili ndio hilo lishajijibu. Kichaka kiko kundi la kwanza, sima yako iko kundi la pili.


MzaliwaMajengo alijibu:

Maalim nashukuru umesema wazi wazi, manake wengi wakiulizwa huzungukazunguka. Ila mimi naona umelipita haraka lile zuri ukakimbilia lakini zako.

Mimi si mkulima, ni fundi, lakini jambo hili nalifuatilia sana kwa sababu naona watoto wetu wanafundishwa kuogopa kila kitu. Kuna utafiti mwengine wa 2013, wanasayansi wa Australia, waliangalia nchi za joto na ukavu peke yake, wakaona kuanzia 1982 mpaka 2010 majani yameongezeka asilimia 11 kwa sababu ya hewa ya ukaa. Nchi za joto na ukavu ni sisi hao, Kinango, Ganze, Tana, mpaka Wajir! Kule Uholanzi wakulima wa nyanya kwenye vibanda vya vioo wanalipia pesa kuingiza hewa ya ukaa ndani mpaka yafika karibu sehemu 1000 katika milioni, mara mbili na zaidi ya hii ya nje, na hawapati hasara, wangekuwa wanapata hasara wangeacha zamani. Ndio mana Marekani kuna kundi kama CO2 Coalition (CO2 ndio hio hewa ya ukaa), tangu 2015 wanasema hili hadharani, na mmoja wa walioanzisha ni William Happer, profesa mstaafu wa fizikia wa Princeton, si mtu wa mtaani.

Halafu kitu chengine kinachonichoma roho. Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa hii. Umeme wetu Kenya mwingi watoka Olkaria kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ulifutiwa leseni 2019 na korti ya mazingira, vijana walikuwa wamekaa wasubiri kazi. Sasa mtu wa Ulaya ashajenga barabara zake na viwanda vyake kwa makaa, leo aja kuniambia mimi nisiwashe jiko. Kama hewa hii ina faida hata kidogo, si haki yetu kuambiwa? Sijasema haina madhara, nasema tuambiwe hesabu yote, mkono wa kulia na wa kushoto.


MkulimaKinango alijibu:

Hamjambo. Mimi nalima Kinango na nimelima tangu niache shule, nataka kusema kuhusu hayo mapengo kwenye hindi manake nyote mwazungumza majani na hakuna anayekula jani la hindi isipokuwa ng'ombe.

Ndugu wa Kisauni hio kitu naijua vizuri sana. Lile ua la juu la mahindi ndilo dume, latoa unga wa manjano, na zile ndevu zinazotoka kwenye hindi ndio jike, na kila uzi mmoja wa ndevu unaenda kwenye punje moja, yani uzi usipopata unga punje hio haiko, ndio pengo. Sasa mvua ikikata wiki ile ya kutoa maua na jua likiwa kali, lile ua la juu halingoji, latoa unga wake kwa wakati wake, lakini ndevu zachelewa kwa sababu ya kukosa maji, siku tatu nne tano, ukija kuziona zimetoka unga ushapeperuka wote umekwisha. Hata ukitia mbolea vipi hapo hushindi. Na ncha ya hindi ndio ndevu zake hutoka mwisho ndio mana ncha huwa tupu. Majani hayana habari, majani yashamea zamani wakati wa mvua za mwanzo, ndio ukaona shamba kijani ukafurahi.

Kwa hivo mtu wa satelaiti akipita juu ya shamba langu ataandika Kinango kijani, hongera, na mimi huku chini nauza mbuzi nikanunue unga wa duka.

Na hii mvua imebadilika wallahi, zamani mvua ya mwaka, yani masika, ikianza Aprili ulikuwa wajua Mei ndio yenyewe, mpaka Juni bado wakoga manyunyu, ukipanda ukipalilia hindi lakomaa. Sasa yaja kwa fujo wiki mbili halafu yakata kabisa. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 misimu mitano hakuna kitu, vuli hakuna mwaka hakuna, ng'ombe walikufa mpaka mizoga ikakosa wa kuizika, watu wakachemsha maembe mabichi. Halafu Novemba 2023 ikaja kubwa ya El Nino ikachukua udongo wote wa juu ikaupeleka baharini. Mzaliwa mimi nakuheshimu, lakini hio asilimia 11 haikufika jikoni kwangu.


Maalim_Bayo alijibu:

Mkulima Allah akubariki, maelezo yako ya ndevu na unga yashinda kitabu ninachofundishia na ntayatumia darasani.

Mzaliwa ndugu yangu, nakujibu kwa heshima manake umeuliza kiungwana. Ule utafiti wa 2013 naujua na ni wa kweli. Angalia lakini kilichopimwa, ni kiasi cha ardhi kilichofunikwa na majani. Hakikupimwa chakula, wala malisho, wala maziwa. Kichaka cha miba kikimea mahali palipokuwa na nyasi, kwa satelaiti hio ni faida.

Nyanya za Uholanzi ni mfano mzuri na nafurahi umeutaja, kwa sababu mle ndani ya kioo mmea wapewa maji kwa bomba kila unapoyataka, mbolea imepimwa, joto limedhibitiwa, wadudu hawaingii. Kila kitu kishatoshelezwa, kilichobaki ni hewa ya ukaa, ndipo ukiiongeza waona matunda. Kaloleni hewa ya ukaa ndio ya mwisho kwenye orodha ya shida za mmea. Linalokosekana ni maji wiki ya maua, na udongo wetu wa pwani ni mchanga mchanga, mbolea yake kidogo. Hewa haiwezi kulipa deni la maji.

Na joto. 2011 kuna watafiti walikusanya matokeo ya majaribio ya mahindi zaidi ya 20,000 hapa Afrika, wakahesabu kwamba kila siku ambayo joto limepita nyuzi 30, kwa kila nyuzi moja ya ziada mavuno yashuka asilimia 1 hata kama mvua imetosha, na kukiwa kavu yashuka asilimia 1.7. Hio ni kwa siku moja tu. Sisi wakati wa kaskazi thermometa ya Mombasa inakaa 32, 33. Sasa fikiria mimea ya kundi la pili haipati zawadi ya hewa ya ukaa lakini joto linaloletwa na hewa hio hio inalipata lote. Ukame wa misimu mitano alioutaja Mkulima, wanasayansi wa World Weather Attribution waliuchambua 2023 wakasema joto lililoongezwa na binadamu lilifanya ukavu kama ule uwe rahisi kutokea mara 100 au zaidi. Sababu moja kubwa ni kwamba hewa ya joto hunyonya maji kwenye udongo na kwenye majani haraka, hata ile mvua kidogo iliyopatikana haikukaa.

Kuna jengine halisemwi kabisa na nataka wamama wa humu walisikie. Hata hio mimea ya kundi la kwanza inayonenepa, chakula chake chazidi wanga chapungua madini. 2014 lilitoka kwenye jarida la Nature, majaribio ya mashambani Japani, Australia na Marekani, kwa kiwango cha hewa ya ukaa tunachotarajia kukifikia katikati ya karne hii, ngano ilipungua zinki kama asilimia 9 na chuma kama asilimia 5, na protini nayo ilishuka, kwenye ngano na kwenye mchele. Haya mwenye nyumba anayeshinda kwa chapati na mahamri asubuhi na wali mchana, akikosa samaki na maharagwe, huyo madini atayatoa wapi? Wajawazito wetu wangapi tayari wana upungufu wa damu.

Kuhusu haki ya Afrika hatupingani hata kidogo. Sisi tumechangia kidogo na tumeumia zaidi, na mtu akija kutukataza maendeleo lazima aulizwe yeye amelipa nini. Lakini ukisema hewa hii ina faida kwetu, unampa aliyeichafua njia ya kukwepa kulipa. Atakwambia ulipwe nini na shamba lako satelaiti imeliona kijani.


BintiJomvu alijibu:

Naingilia kidogo manake mwazungumza mashamba ya juu tu na sisi wa bahari pia tuna mimea.

Mimi niko na kikundi cha akinamama tunapanda mikoko upande wa Jomvu. Mkoko, mchu, mkandaa, hao wote kwa maelezo ya maalim ni kundi la kwanza, kwa hivo hewa ya ukaa walitakiwa waifurahie. Basi mtu aje aone kule Mwache, mikoko ilikufa baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, maji yalileta matope kutoka mashamba ya juu yakafunika ile mizizi ya kupumulia, mti ukazibwa pumzi ukakauka umesimama. Mpaka leo kuna sehemu ni viwanja vitupu, ukipanda mche hausimami. Yani udongo alioulilia Mkulima wa Kinango ndio huo unaokuja kutuulia miti yetu huku chini.

Ninachosema ni kwamba mmea hauishi kwa kitu kimoja. Gazi kule Kwale walipata faida ya kaboni kwa njia ya kweli, mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko, wakauza kaboni iliyohifadhiwa, yani wakalipwa kwa ile inayoshikwa na miti, pesa zikaleta maji kijijini na vitabu shuleni. Lakini waliilinda! Walizuia kukatwa, walipanda, wakahesabu. Haikuota yenyewe kwa sababu hewa imechafuka.

Na Zanzibar waulizeni wamama wa mwani. Mwani ule wa bei, cottonii, ulikuwa unastawi maji ya karibu, sasa maji yamekuwa ya moto unaoza kabla ya kuvunwa, inabidi waende kina kirefu na wengi hawajui kuogelea. Hewa ya ukaa iko tele hata humo baharini. Haikuwasaidia.


WaGarsen alijibu:

Mzaliwa wataka kuona ukijani wa nchi kavu njoo Tana River nikuoneshe mathenge.

Huu mti ulipandwa na wenye miradi kuanzia miaka ya sabini na themanini kuzuia jangwa, Baringo, Garissa, huku kwetu, na kweli jangwa limezuiwa manake hata binadamu hapiti. Ni wa kundi la kwanza la maalim, mizizi yake yaenda chini kabisa kuliko kisima cha mkono, mifugo wakila yale maganda yake matamu wanazunguka nayo mbegu wakiidondosha kila mahali kwenye mavi. Malisho yamekwisha chini yake. Mwiba wake ukimchoma ng'ombe kwato yavimba, ukimchoma mtu utamuona hospitali. Mbuzi akiyala sana yale maganda meno yaharibika, watu wa Baringo walienda kortini na mbuzi asiye na meno wakamuonesha jaji, hii ilikuwa habari nchi nzima.

Nyasi zetu ndio kundi la pili, hazikupata kitu. Mti wa miba ndio uliopata. Sisi tunaofuga hewa hii yatupa miba na yatunyima nyasi, na vita vya malisho kati yetu na wakulima mwavisikia kwenye redio. Samahani kwa ukali lakini watu wamekufa kwa mambo haya.


MzaliwaMajengo alijibu:

WaGarsen pole sana, na Mkulima pia pole. Binti Jomvu hio ya matope nilikuwa siijui kabisa.

Bado nasimama kwamba watu waambiwe na hili la ukijani, na nashukuru hapa limesemwa bila kufichwa. Maalim nina swali moja la mwisho la dhati. Kama mimea yanenepa si ndio yainyonya hewa hio? Basi ikizidi mimea si itaimaliza mambo yakajirekebisha?


Maalim_Bayo alijibu:

Swali zuri. Yainyonya, tena sana. Kati ya hewa ya ukaa yote ambayo binadamu anaitoa, mimea na udongo wachukua kama asilimia 30, bahari kama robo. Bila hivo joto la leo lingekuwa kali zaidi. Lakini angalia namba zile za Mauna Loa, 315 mwaka 1958, na leo juu ya 420, na ukijani wote huo umetokea ndani ya miaka hio hio. Kama mimea ingekuwa yatosha, ile grafu ingekuwa ishaanza kulala. Haijalala, yazidi kusimama wima.

Halafu ule ukijani wenyewe si wote umeletwa na hewa. 2019 ulitoka utafiti wa kuanzia 2000, ukaonesha China na India peke yao wamechangia theluthi moja ya ongezeko lote la majani duniani wakati wana asilimia 9 tu ya ardhi yenye mimea. China ni kwa kupanda misitu na kilimo, India karibu wote ni kilimo, maji ya kumwagilia na mbolea. Yani ni jasho la watu. Satelaiti huona kijani, haioni nani amemwaga maji.

Na kuna wanasayansi walichapisha 2020 kwenye jarida la Science kwamba nguvu ya hewa ya ukaa kunenepesha mimea inapungua mwaka hadi mwaka, mimea yakosa naitrojeni, fosforasi na maji ya kuendana nayo. Wenzao hawajakubaliana wote juu ya kiasi, mjadala unaendelea.


KisauniKwetu alijibu:

Wallahi nimefaidika, hii yote ntaisoma barazani leo neno kwa neno, na wale wazee ntawaambia satelaiti iko upande wao na hindi liko upande wa vijana.

Lakini bado swali la tatu hamjanijibu na ndilo la tumbo. Mama hataki kusikia tuache mahindi, asema shamba bila mahindi si shamba. Nifanyeje?


MkulimaKinango alijibu:

Usiyaache, yapunguze. Mama zetu wote wako hivo na mimi wangu alikuwa hivo.

Kwanza mbegu. Usinunue mbegu ya bara kwa sababu pakiti inang'aa, hizo zachelewa kukomaa na joto letu hazilitaki. Tafuta PH4, Pwani Hybrid, hii ilitengenezwa kwa ajili ya pwani, waulize KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa. Panda na mvua ya kwanza kabisa, hata ukipanda kavu siku chache kabla ni sawa, ili wiki ya maua ikukute bado kuna unyevu. Anayengoja mpaka mvua ishike vizuri ndio huyo anayetoa maua jua likirudi.

Pili hilo bondeni kwako lichimbe makinga maji ya kukata mteremko, ama vishimo vya duara, kila kishimo watia samadi na mbegu kadhaa, maji yasimame hapo yasikimbie kwenda kumfukia Binti Jomvu mikoko yake. Na hivo vichaka vyako vinavyomea kwa fujo usivichome moto! Fyeka wakati majani bado mabichi, kabla havijatoa mbegu, tandaza kati ya mistari ya mahindi, udongo utakaa na maji wiki moja zaidi na majani yataoza yawe mbolea. Hewa imekulishia kichaka bure, basi chukua majani yake uyarudishe shambani.

Tatu nusu ya shamba tia kunde na pojo, zakomaa haraka na ni za kundi la maalim la kwanza, na zina hayo madini aliyoyasema. Muhogo panda lakini angalia mbegu, Kibandameno ni tamu sana ila ugonjwa wa michirizi wauozesha ndani waona mzima nje, changanya na Tajirika. Mtama pia wavumilia joto kuliko hindi, shida yake ni ndege, lazima uwe na mtoto wa kuwinga, sasa watoto wako shule.

Samadi unayo? Kama huna sema, kuna mtu wangu Mariakani ana boma la mbuzi, anauza kwa gunia, ukikodi pikapu mkachanga watu wawili haitakuwa ghali. Lakini enda kabla Machi haijaisha, manake wakisikia ngurumo ya kwanza wote wanaikimbilia.